Kumbe tone la maji ni mizani

Kuna kipindi nilikaa siku tatu wodini namuuguza mama mdogo, na kama umewahi kuuguza unajua mule ndani hakuna kazi ya kufanya zaidi ya kuangalia dripu inavyodondoka. Tone, tone, tone. Nesi akija anaangalia saa yake, anahesabu matone ya dakika moja, anakaza au analegeza kale kagurudumu ka kwenye mrija, anaondoka. Siku ya pili uzalendo ukanishinda nikamuuliza, samahani dada, unajuaje matone mangapi yanatosha? Akaniambia mbona rahisi, kwenye pakiti ya mrija wameandika, hii yetu matone 20 ndo mililita 1, kwa hiyo lita moja nikitaka iishe kwa masaa 8 nikipiga hesabu inakuja kama matone 42 kwa dakika. Halafu akaongeza, ila ile mirija ya watoto ni tofauti, ile matone 60 ndo mililita 1.

Hapo ndo akanivuruga kabisa. Maji ni yale yale, dawa ni ile ile, sasa kwa nini tone la huku liwe kubwa mara tatu ya tone la kule? Na nani aliyeahidi kwamba kila tone litakuwa saizi moja na mwenzake, kiasi kwamba mtu anathubutu kupima dawa ya mgonjwa kwa kuhesabu matone?

Jibu lake ukilifuata mpaka mwisho linakupeleka kwenye kitu kinaitwa mvutano wa uso wa kimiminika, na namna watu walivyohangaika zaidi ya miaka mia kukipima. Nilisoma haya mambo chuo nikafaulu mtihani nikasahau, sasa nimerudi kuyasoma kwa hiari yangu na nimegundua kitu ambacho darasani hakuna aliyenisisitizia: kupima mvutano wa uso ni kazi nyepesi sana, unaweza kufanya jikoni leo hii. Kazi ngumu ni kuhakikisha kwamba hicho ulichopima ni uso wa maji kweli na sio uso wa uchafu wako.

Tuanze na hicho kitu chenyewe. Chembe ya maji ikiwa katikati ya glasi imezungukwa na wenzake pande zote, wanavutana huku na huku, imetulia. Ile ya juu kabisa ina wenzake chini na pembeni lakini juu haina mtu, kuna hewa tu. Kwa hiyo kukaa pale juu ni hasara, na maji yanajitahidi yawe na chembe chache iwezekanavyo kwenye uso, yaani uso unajikunyata, unataka uwe mdogo. Ndo maana tone ni duara. Ndo maana ukilaza sindano ya kushonea taratibu juu ya maji inaelea wakati ni chuma tupu. Ukitaka kuutanua ule uso lazima ulipe gharama, na mvutano wa uso ndo bei yenyewe: unaulipia nguvu kiasi gani kwa kila urefu wa ukingo unaouvuta.

Bei ya maji kwenye nyuzi 20 ni milinewtoni 72.8 kwa mita. Hiyo namba ukiitazama hivi hivi haikwambii kitu, kwa hiyo iweke hivi: chukua ukingo wa maji wenye urefu wa mita nzima, mita kamili, nguvu yake inaweza kubeba uzito wa gramu 7 na kidogo. Basi. Vijiko viwili vidogo vya sukari havifiki vyote. Ni nguvu ndogo mno, na ndo sababu sisi hatuioni maishani mwetu ila inzi akilowana anaiona, tena anakufa nayo.

Sasa rudi kwenye dripu. Tone linaning'inia kwenye mdomo wa mrija, na kinacholishikilia ni ule mzingo wa mdomo tu, mduara mmoja mwembamba ambapo maji yameng'ang'ania. Tone linanenepa, linanenepa, uzito wake ukishinda kile ambacho mzingo unaweza kubeba, linaanguka. Kwa hiyo mdomo mpana unabeba tone zito, mdomo mwembamba unabeba tone jepesi. Ndani ya ile chemba ya mrija wa watoto kuna kibomba chembamba kama sindano, wametumia hicho hicho kupata matone 60. Hakuna uchawi. Na matone yanafanana kwa sababu mdomo haubadiliki na bei ya uso haibadiliki, kila tone linaachiwa pale pale lilipoachiwa lenzake.

Ukiligeuza hilo wazo unapata kipimo. Kama najua mdomo una upana gani na nimepima uzito wa tone, basi nimejua mvutano wa uso. Mwingereza mmoja, Thomas Tate, aliliandika hili mwaka 1864. Kuna tatizo dogo tu kwamba tone halidondoki lote, linapoachia kuna sehemu inabaki imeshika pale juu, inayoanguka kwa mirija mingi ni kama asilimia 60 hivi mpaka 70, na ikabidi wasubiriwe Wamarekani Harkins na Brown mwaka 1919 wapime kwa uvumilivu wa ajabu na kutoa jedwali la masahihisho. Lakini wewe wa jikoni unaweza kulikwepa jedwali lao kwa ujanja mmoja: usipime kimiminika kimoja, linganisha viwili kwa mrija ule ule. Mdomo ni ule ule, kosa ni karibu lile lile, vinakatana.

Nilifanya hivyo. Bomba la sindano la famasi, nikatoa sindano nikaacha kile kichuchu cha plastiki, nikavuta mililita 2 za maji ya chupa na kuyasukuma pole pole sana nikihesabu. Matone 33. Nikarudia, 34. Nikarudia tena, 33. Halafu nikaweka spiriti ya kusafishia vidonda, ile ya asilimia 70. Mililita 2 zile zile zikatoa matone 82! Yaani tone la spiriti ni dogo hata kwa macho unaliona.

Hesabu yake ni ya kidato cha pili tu. Tone la maji: gramu 2 gawanya kwa 33, unapata miligramu kama 61. Spiriti ni nyepesi kuliko maji, mililita moja ina gramu kama 0.885, kwa hiyo mililita 2 ni gramu 1.77, gawanya kwa 82 unapata miligramu kama 22. Tone la spiriti lina uzito wa asilimia 36 hivi ya tone la maji, basi na mvutano wake ni asilimia 36 ya ule wa maji. Chumbani kwangu joto lilikuwa kama 25 na maji kwenye joto hilo ni 72, kwa hiyo spiriti inakuja kama 26. Nikafungua majedwali, mchanganyiko wa namna hiyo upo palepale kwenye 26. Nilishangilia peke yangu kama nimefunga goli. Bomba la sindano bana, halifiki hata shilingi elfu moja.

Kesho yake nikamwita mdogo wangu nimuonyeshe. Maji yale yale ya chupa, bomba lile lile, mililita 2. Matone 45. Nikasema nimekosea kuhesabu, tukarudia, 46. Dogo ananiangalia. Nikabadilisha maji, bado. Mpaka nilipokumbuka kwamba usiku lile bomba pamoja na kikombe nilivisafisha vizuri sana, kwa sabuni ya vyombo, nikasuuza mara moja tu nikijiona mstaarabu. Ule usafi ndo ulikuwa uchafu wenyewe. Kiasi cha sabuni ambacho hukioni, hukinusi, huna mizani ya kukipima nyumbani, kimeshusha kipimo zaidi ya robo.

Na hapa ndo kwenye moyo wa habari yote. Uzito wa kitu au joto lake haviharibiwi na vumbi kidogo, ukipima uzito wa mchele chembe moja ya mchanga haikupotezi. Mvutano wa uso ni tofauti kwa sababu unapima tabaka la juu kabisa, unene wa chembe moja tu, na sabuni au mafuta yakiingia kwenye maji hayakai katikati, yanakimbilia huko huko juu. Kidole chako kikigusa maji kimeacha mafuta. Kwa hiyo wanasayansi wakubwa wa Ulaya karne ya 19 walikuwa wanapima maji, kila mmoja anapata namba yake, wanabishana, na kumbe kila mtu alikuwa anapima maji ya kwake na uchafu wa kwake.

Aliyelitatua alikuwa dada wa kushinda jikoni nyumbani kwao, chuo hajakanyaga. Sitanii.

Anaitwa Agnes Pockels. Alizaliwa Venice mwaka 1862, baba yake akiwa afisa wa jeshi la Austria, mzee akaugua malaria huko Italia, na mwaka 1871 familia ikahamia Braunschweig, Ujerumani. Malaria, yaani sisi tunaijua vizuri inavyoweza kuhamisha ratiba ya familia nzima. Agnes alipenda fizikia, lakini enzi hizo vyuo vikuu vya huko havikuwa vinapokea wanawake, na hata baadaye milango ilipoanza kufunguka wazazi wake walikuwa wagonjwa, yeye ndo wa kuwauguza na kuendesha nyumba. Mdogo wake wa kiume, Friedrich, ndo akaenda kusoma fizikia, akawa anamletea dada vitabu.

Mtu anayeshinda jikoni anaona nyuso za maji kutwa nzima, zenye mafuta na zisizo na mafuta. Agnes akiwa na miaka kama 20 alitengeneza kibeseni chembamba cha bati, urefu sentimita 70, upana 5, kina 2, akakijaza maji mpaka ukingoni. Juu yake akalaza kipande cha bati kukatiza upana, kinagusa maji, kinaweza kusukumwa kushoto na kulia kama pazia. Kupima mvutano alitumia kiduara kidogo, kama kifungo cha shati, kipana milimita 6, akakigusisha majini na kukivuta juu kwa mizani ndogo ya duka la dawa akiangalia ni uzito gani unakibandua.

Ukitazama haraka utasema kifungo ndo uvumbuzi. Hapana, vifungo na vibao vya kuvuta walishakuwa navyo wengine. Uvumbuzi ni lile pazia la bati. Kwa kulisukuma kutoka mwanzo mpaka mwisho alikuwa anafagia uso wa maji, anakusanya uchafu wote upande mmoja na kubaki na uso msafi kweli kweli upande wa pili, kwa mara ya kwanza mtu anajua anachopima. Halafu akafanya cha pili ambacho mimi nakiona ndo akili kubwa zaidi: badala ya kuuchukia uchafu akaamua kuupima. Anaweka mafuta kidogo, analisukuma pazia kuyabana kwenye eneo dogo, anapima. Akaona kwamba mafuta yakiwa yametawanyika sana, maji yanajifanya masafi, namba haitikisiki. Unabana, unabana, hamna kitu, halafu ghafla kwenye eneo fulani mvutano unaanza kuporomoka. Leo tunajua maana yake, ni pale chembe za mafuta zinapogusana bega kwa bega zikiwa zimepanga safu ya unene wa chembe moja. Huyu dada alikuwa anaona matokeo ya chembe moja moja kwa kutumia bati na kifungo.

Miaka kumi hivi alikaa na hayo matokeo, wataalamu wa karibu hawakumjali. Kisha akasoma kwamba Lord Rayleigh, mmoja wa wanafizikia wakubwa kabisa wa Uingereza, anahangaika na jambo hilo hilo, akamwandikia barua Januari 1891, kwa Kijerumani. Rayleigh akaipata, mke wake akaitafsiri, na yule bwana badala ya kufanya tunayoyaona mengi, ya kuchukua wazo la mtu na kulipaka rangi yake, akaituma barua nzima kwa jarida la Nature akiwaomba waichapishe kwa jina la mwenyewe. Ilitoka tarehe 12 Machi 1891. Baadaye Mmarekani Irving Langmuir akaliboresha lile beseni, akalitumia kupima ukubwa wa chembe, na akapata tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1932. Mwaka huo huo Agnes, miaka 70, akapewa udaktari wa heshima na chuo cha mji wake wa Braunschweig. Leo hicho kifaa wengi wanakiita beseni la Langmuir. Haya.

Maabara za siku hizi kuna vifaa viwili utavikuta mara nyingi zaidi, na vyote ni ndugu wa kile kifungo. Cha kwanza ni pete. Alikitengeneza Mfaransa Pierre Lecomte du Noüy, alikuwa mtu wa kupima majimaji ya damu, na miaka ya 1920 alifanya kazi Rockefeller Institute kule New York. Pete ya platina yenye mzingo wa kama sentimita 6 inazamishwa kidogo halafu inavutwa juu pole pole, inanyanyua pazia la maji, unasoma nguvu ya juu kabisa kabla pazia halijakatika. Pazia lina nyuso mbili, ya ndani ya pete na ya nje, kwa hiyo unahesabu mzingo mara mbili. Kwa maji hiyo nguvu ni kama uzito wa gramu 0.88, gramu moja haifiki, ndo maana kifaa kinataka meza isiyotikisika na mlango ufungwe.

Pete niliitumia mwenyewe chuo. Ilikuwa moja tu darasa zima, na nikaja kujua baada ya muda mrefu kwamba ilikuwa imepinda, kuna mtu aliwahi kuiangusha akainyoosha kwa vidole na kunyamaza. Pete iliyopinda haitoki majini kwa pamoja, upande mmoja unatangulia, namba inashuka. Sisi tukawa tunaandika 66, 67, tunaambiwa maji ya bomba ya hapa ni machafu. Labda ni kweli yalikuwa machafu pia! Na kuna kosa la pili tulilokuwa tunafanya, kuishika pete kwa mkono. Platina wanaichagua kwa sababu unaweza kuichoma kwenye moto wa gesi mpaka iwe nyekundu, mafuta yote yakaungua, nayo ikabaki vile vile. Ukiitoa motoni ukaigusa tena umerudi sifuri.

Kifaa cha pili ni kibao, cha Mjerumani Ludwig Wilhelmy, cha mwaka 1863. Kibao chembamba cha platina kinaning'inizwa kwenye mizani, kinagusishwa maji, maji yanakidaka na kukivuta chini, unasoma. Hakivutwi mpaka kibanduke, kinakaa pale pale. Mimi ningeambiwa nichague ningechukua kibao, sababu pete inakwambia mara moja tu, wakati inabandua, na lazima uisahihishe kwa majedwali (Harkins huyo huyo tena, na Jordan, mwaka 1930), kibao kinakaa hapo nusu saa kinakuonyesha namba inavyobadilika. Sharti lake moja tu, kimiminika kikubali kulowanisha kibao kabisa, kisipolowana hesabu inakuwa ya uongo.

Na namba inabadilika kweli, hili ndo fundo la pili baada ya uchafu. Uso una umri. Ukimwaga maji ya sabuni sasa hivi, kwenye sekunde ile ya kwanza ule uso mpya bado ni kama maji matupu, sabuni ipo ndani haijafika juu, inakuja taratibu, na kutegemea aina yake inaweza kuchukua sehemu ndogo sana ya sekunde au dakika kadhaa. Kwa hiyo mtu akikwambia mvutano wa hiki kimiminika ni 30 una haki ya kumuuliza, uso ukiwa na umri gani?

Swali hili lina pesa ndani yake. Mkulima anayepuliza dawa kwenye kabichi, lile jani lina nta, maji matupu yanakusanyika kuwa vitone na kubingirika mpaka chini, dawa imekunywa udongo. Ndo maana wanachanganya kitu cha kushusha mvutano ili tone litandae. Lakini tone kutoka kwenye pampu mpaka kugonga jani halitumii hata sekunde moja, kwa hiyo sabuni inayochelewa kufika usoni haimsaidii hata kama kibao cha Wilhelmy kinaisifia.

Kupima nyuso changa hivyo wanatumia mapovu. Mrija mwembamba unazamishwa, unasukuma hewa, povu linatokeza kwenye ncha, na presha inapanda mpaka povu liwe nusu duara kamili, hapo ndo kilele, likipita hapo linavimba kirahisi na kuondoka. Ile presha ya kilele ni mvutano mara mbili gawanya kwa nusu kipenyo cha mrija. Kwa mrija wa nusu kipenyo milimita 0.5 kwenye maji ni kama paskali 288, sawa na kina cha maji cha sentimita 3 hivi. Ukiongeza kasi ya mapovu umepima uso mchanga, ukipunguza umepima uso mzee. Kizuri kabisa.

Kuna aliyekwenda mbali zaidi, akaamua kukwepa uchafu na uzee vyote kwa pamoja. Chuo cha sayansi cha kifalme cha Denmark kilitoa shindano kuhusu kupima mvutano wa uso kwa mtikisiko wa mchirizi wa maji, nadharia ilikuwa ya Rayleigh yule yule. Mchirizi ukitoka kwenye tundu lisilo duara kamili unatikisika, unanenepa na kukonda kwa zamu, na urefu wa mawimbi yake unatokana na mvutano. Uzuri wake ni kwamba kwenye mchirizi uso ni mpya kila wakati, uchafu haupati nafasi hata ya kufika. Kijana aliyejitosa alitengeneza mirija yake ya kioo mwenyewe, akafanyia kwenye maabara ya baba yake, akapata medali ya dhahabu mwaka 1907. Jina lake Niels Bohr, ndo huyo huyo wa atomu. Kabla hajagusa atomu alikuwa anapima maji.

Njia nyingine nazipitia mbio mbio. Kuna ya mrija mwembamba ambao maji yanapanda yenyewe, wengi tuliikuta sekondari, mrija wa kipenyo milimita 1 maji yanapanda sentimita 3 hivi, ila kioo kikiwa na mafuta kidogo yanapanda nusu njia na kugoma. Kuna ya tone linaloning'inia, hulidondoshi, unalipiga picha tu, kompyuta inasoma umbo lake, maana uzito unalivuta liwe kama pea na mvutano unalivuta liwe duara, mvutano unajulikana kwa nani kashinda. Hesabu za maumbo hayo Bashforth na Adams walizimaliza kwa mkono mwaka 1883, jedwali kwa jedwali, leo simu yako inaweza kuzifanya.

Sasa kitu kimoja cha faida kwa wanaofua. Ukichukua maji ukaongeza sabuni kidogo kidogo huku kibao kinapima, namba inaporomoka kutoka 72 kwenda 60, 50, 40, halafu ikifika kama 30 hivi inagoma. Unaongeza sabuni, inabaki 30. Unamimina zaidi, 30. Maana yake uso umejaa, hakuna nafasi ya kusimama, na sabuni inayoingia sasa inajikusanya kwenye vifungu huko ndani ya maji. Vile vifungu vina kazi yake ya kubeba mafuta sawa, lakini kule kulainisha maji yapenye kwenye kitambaa kulishaisha zamani. Nakuona wewe unayemimina nusu pakiti kwenye beseni moja.

Nimalizie na mahali ambapo hii namba ilikuwa ya kufa na kupona. Ndani ya mapafu kuna vifuko vidogo mno vya hewa na vyote vina majimaji ndani. Uso wa majimaji unataka kujikunyata, na kifuko kikiwa kidogo unakibana kwa presha kubwa zaidi, ni ile ile hesabu ya povu. Kama yangekuwa maji matupu, kila ukitoa pumzi vifuko vingeporomoka na kunata, kuvifungua tena ni kazi kama ya kupuliza puto jipya, kila pumzi, maisha yako yote. Kwa watoto njiti hili lilikuwa linatokea kweli, wanazaliwa, wanahangaika kuvuta hewa, wanachoka, wanafariki, na kwa muda mrefu hakuna aliyejua kwa nini. Hata mtoto wa Rais Kennedy, Patrick, alikufa hivyo Agosti 1963, siku mbili tu baada ya kuzaliwa.

Jibu lilikuwa limeanza kuonekana miaka michache nyuma, kwenye beseni. John Clements, daktari aliyekuwa kwenye maabara ya jeshi kule Maryland, Marekani, alichukua majimaji yaliyotolewa kwenye mapafu ya wanyama, akayaweka kwenye beseni lenye kibao cha Wilhelmy na pazia la kusukuma, na akaanza kulipeleka pazia mbele na nyuma, mbele na nyuma, kama pafu linavyopumua. Uso ukitanuka mvutano unapanda kupita 40, ukibanwa unashuka mpaka 10 hivi. Maji hayana tabia hiyo, kwa hiyo kuna kitu mle ndani kinachokaa usoni na kulegeza ule mkunyato kila pafu linaposinyaa. Aliichapisha mwaka 1957. Daktari Mary Ellen Avery wa Boston akaenda kwake akakiona kifaa, akarudi na kupima mapafu ya watoto waliofariki, na mwaka 1959 yeye na Jere Mead wakaonyesha kwamba kwa wale watoto njiti waliokufa kwa kushindwa kupumua mvutano haushuki vile, kile kitu hakipo. Hawajakitengeneza bado, wamezaliwa kabla ya zamu yake.

Ikachukua miaka mingine 21. Mwaka 1980 Tetsuro Fujiwara na wenzake kule Japani waliandaa kile kitu kutoka kwenye mapafu ya ng'ombe, wakakimimina kwenye koo la hewa la watoto njiti 10, na watoto wakaanza kupata rangi.